Kwa nini nyasi zangu ndefu zinalala?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Miaka minne iliyopita nilipanda vichaka vitano vya nyasi ndefu kando ya ukuta, kama nusu mita kutoka ukutani, ili viufiche. Majani yana mabaka ya njano yanayokata jani kwa upana, na muuzaji aliziita nyasi za pundamilia. Miaka miwili ya kwanza kila aliyepita alizisifia. Mwaka jana, mara tu masuke yalipochomoza, zilianza kuinama. Mwaka huu zimelala kabisa: mabua yamefunguka kila upande kana kwamba ng'ombe kajilaza juu yake, na katikati kumebaki upara. Viwili vilivyo chini ya mti ndivyo vibaya zaidi. Ninamwagilia kila jioni na kuweka samadi kila mwezi. Je, nizifunge kwenye vijiti, nizikate, au niziondoe? Na kama ni kuziondoa, ni nyasi gani itafika urefu wa mtu na isimame?

Jibu: Marahaba. Barua yako imebeba jibu lake, ila umeliweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: samadi kila mwezi, maji kila jioni. Umezilea nyasi kama mchicha, nazo zimeota kama mchicha, laini na zenye maji mengi.

Usiziondoe. Acha samadi kabisa, acha maji ya kila jioni, vipasue vichaka vyote vitano mwanzoni mwa msimu wa kuota na uvipande upya mbali kidogo na ukuta, na vile viwili vya chini ya mti uvitafutie jua. Vijiti vitakusaidia kuuvuka msimu huu tu. Sasa nieleze sababu, kwa sababu kila nyasi ndefu utakayoipanda baada ya hapa itakuletea kesi hii hii.

Wakulima wa ngano na mpunga wanalijua tatizo lako kwa jina lile lile ulilolitumia: shamba limelala. Mmea wa jamii ya nyasi ukishiba naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, hukimbilia kurefuka. Chembe za bua hutanuka upesi, kuta zake hubaki nyembamba, na sehemu ya chini, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wote, haipati muda wa kukomaa. Kisha juu linatokea suke, mvua inalilowesha, upepo unapita, na bua linakunjika karibu na ardhi. Katika miaka ya 1950 Norman Borlaug, mtaalamu wa mazao kutoka Marekani, alikuwa akihangaika na jambo hili huko Mexico. Mbolea iliongeza punje, lakini mabua marefu ya ngano hayakuweza kuzibeba. Aliponea kwenye ngano fupi zenye asili ya mbegu ya Kijapani iitwayo Norin 10, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dawa yake wewe haikufai, maana urefu ndio uliofanya uzipande. Inabaki njia ya pili, nayo ni njaa. Nyasi ndefu inayosimama wima ni ile iliyoota kwenye udongo wa kawaida, hata ule mnyonge kidogo, ikapata jua la kutosha na maji ya kuihesabia.

Kabla hujashika jembe, nenda ukaangalie zinalala vipi, kwa sababu si kila kulala kuna chanzo kimoja. Kichaka kikiinama chote upande mmoja, kinafuata mwanga. Upande wa pili kuna kitu kinachokizibia. Kikiinama baada ya mvua kubwa kisha kikajiinua jua likitoka, ni uzito wa maji kwenye masuke tu na huna cha kufanya. Kikifunguka sawasawa pande zote kama ua linalochanua, na katikati pakiwa wazi, hapo kuna uzee wa kichaka pamoja na shibe. Halafu tafuta mahali bua lilipokunjika. Likikunjika juu, karibu na suke, ni upepo. Likikunjika chini, usawa wa kifundo cha mguu, ukalibonyeza kwa vidole likabonyea kama bua bichi la mboga, ni samadi.

Nadhani ukivitazama vyako utakuta mambo matatu kwa pamoja. Vyote vimefunguka katikati, vyote vimekunjika chini, na vyote vinaegemea kuupa mgongo ukuta. Nusu mita ni karibu mno. Ukuta huzuia mwanga upande mmoja, na upepo ukiugonga hurudi na kuzunguka, ukivisukuma vichaka kwa nyuma. Kichaka kinachofika mita mbili kikae angalau mita moja kutoka ukutani, na kama nafasi ipo, zaidi. Tena ukuta wenyewe utafichika vizuri zaidi, maana masuke yatakuwa na mahali pa kucheza badala ya kusuguana na tofali.

Kuhusu aina yenyewe. Mabaka ya njano yanayokata jani kwa upana yananiambia kwamba hiyo ni Miscanthus sinensis, nyasi ya Uchina, Japani na Korea, jamaa wa karibu wa muwa. Lakini zenye mabaka ya namna hiyo zinazouzwa sana ni mbili, na wauzaji huzichanganya. Moja ni 'Zebrinus', ambayo majani yake hupinda kama chemchemi na mabua yake yana desturi ya kutanuka. Nyingine ni 'Strictus', ambayo majani yake hutoka kwa pembe kali yakielekea juu, makakamavu, kama miiba ya nungu aliyekasirika. Zinafanana ukiwa mbali, ukisogea hutakosea. Kama yako ni 'Zebrinus', na kwa maelezo yako naamini ndiyo, basi hata ukiitunza vizuri itaegemea kidogo kila mwaka ikishachanua. Hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa. Mimi hunifurahisha ikiwa peke yake katikati ya nafasi kubwa. Kwa kazi ya kuficha ukuta, 'Strictus' ingekufaa zaidi, ila kitu ulichonacho tayari kina thamani yake, na kukipasua ni bure.

Sasa huo upara. Nyasi za vichaka haziongezeki kwa kunenepesha mashina ya zamani. Kila msimu machipukizi mapya hutokea pembeni mwa yale ya mwaka uliopita, hivyo kichaka kinatembea kwenda nje polepole. Katikati hubaki vitako vikongwe, yaani sehemu za chini ambapo mabua hukutana na mizizi, vilivyosongamana, vikavu kama kuni, visivyochipua tena. Baada ya miaka kadhaa unakuwa na duara lenye uhai ukingoni na mzee aliyekufa katikati, na kwa kuwa mabua ya ukingoni hayana wa kuegemea ndani, yanaangukia nje. Kwa kawaida hali hii huchukua miaka mingi zaidi ya minne. Samadi imevikimbiza vyako.

Kupasua kunafanyika wakati mmoja tu wa mwaka, na wakati huo unategemea nyasi iko kundi gani. Kuna nyasi za joto, zilizo na tabia ya mahindi na mtama: hulala udongo ukipoa, na huamka udongo ukipata joto. Miscanthus yako imo humo, na pia Panicum nitakayoitaja mbele. Halafu kuna za baridi, zilizo na tabia ya ngano: hukua hali ya hewa ikiwa poa, na huchoka jua kali likianza. Za joto hupasuliwa zinapoanza kuamka, machipukizi yakiwa na urefu wa kidole, kamwe si wakati zinaingia usingizini, maana kidonda kikikaa miezi katika udongo baridi na wenye maji huoza. Mahali penye majira ya baridi, muda huo ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Mahali penye mvua na kiangazi tu, ni pale mvua za kwanza zinapolainisha udongo.

Kazi yenyewe ni ya nguvu, nisikufiche. Kichaka cha kwanza nilichopasua maishani kilikuwa cha miaka kama kumi, nami nilikiendea na jembe. Pigo la nne mpini ulivunjika. Nikaleta sepetu, nikaikanyaga kwa miguu miwili, ikapinda. Kitako cha Miscanthus mzee ni gogo, na lazima ukichukulie kama gogo. Siku hizi naanza kwa kufunga kichaka chote kwa kamba mahali pawili, kiunoni na chini kidogo, kisha nakata kwa msumeno sentimita kumi na tano kutoka ardhini. Kinang'oka kama mganda mmoja, hakuna jani linalotawanyika. Nachimba mfereji kukizunguka, kina cha sepetu moja, napitisha mtaimbo chini yake na kukigeuza ubavu. Hapo tena natumia msumeno wa zamani, ambao sitaulilia ukila mchanga, au shoka. Kukizungushia maji ya mpira na kuondoa udongo kwanza kunasaidia kuona machipukizi yako wapi.

Ukishakigeuza utaona kila kitu. Ukingoni kuna ncha nyeupe zenye kuchongoka, zimekaza kama meno. Huo ndio uhai. Katikati kuna vishina vya kijivu vyenye tundu, ukivigonga vinatoa sauti ya kitu kitupu. Chukua vipande vya ukingoni tu, kila kimoja ukubwa wa ngumi mbili, chenye machipukizi matano hadi manane na mizizi yake. Vidogo zaidi ya hapo hupona lakini huchelewa. Sehemu ya katikati itupe bila huruma. Panda vipande siku hiyo hiyo, kitako kikae usawa ule ule kilipokuwa awali. Kikifukiwa huoza, kikiinuliwa hukauka. Achanisha vipande kwa mita moja. Kitaonekana kitu cha kusikitisha mwaka wa kwanza, majani machache katikati ya udongo mtupu, na utashawishika kujaza vingine. Usijaze. Mwaka wa tatu vitakuwa vimeshikana.

Wiki chache za mwanzo ndipo maji ya mara kwa mara yana kazi, kwa sababu mizizi imekatwa. Baada ya hapo zipe maji mengi kwa mara moja, kisha ziache. Maji kidogo ya kila jioni hubaki juu ya udongo, na mizizi huyafuata huko huko juu. Kichaka kirefu chenye mizizi ya juu juu ni mlingoti usio na kamba. Ingiza kidole udongoni mpaka kifundo cha pili, na ukikuta unyevu, rudi ndani ukapumzike. Miscanthus iliyokwisha kushika, yenye umri wa miaka miwili na kuendelea, inahitaji mkono wako katika ukame wa kweli tu.

Na samadi? Hakuna. Miaka minne ya kulisha kila mwezi imeacha akiba udongoni itakayozitosha kwa muda mrefu. Baadaye, ukiona majani yanapauka na masuke yanapungua, tandaza safu nyembamba ya mboji mara moja mwanzoni mwa msimu, isiguse kitako. Matandazo ya majani makavu yanafaa, kwa sharti hilo hilo.

Vijiti: kama ni lazima upokee wageni msimu huu, chomeka vijiti vitatu au vinne ndani ya kichaka, si nje yake, uzungushe kamba usawa wa nusu ya urefu na ulegeze kiasi cha kupitisha mkono. Ukikaza, kichaka kitafanana na mganda wa kuni. Mimi kwangu nyasi inayohitaji vijiti kila mwaka imepandwa mahali pasipo pake.

Swali lako la kukata nalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu hata nyasi nzuri. Nyasi ndefu hukatwa mara moja kwa mwaka, si zaidi. Nyasi inaota kutoka chini, kwenye kitako na kwenye vifundo vya bua, ndiyo maana mnyama akiila inarudi. Lakini nyasi ndefu ya mapambo hulipa kila kukatwa kwa akiba iliyoweka chini. Usiikate kwa sababu tu imekauka. Mabua makavu hukifunika kitako dhidi ya baridi na maji yanayosimama, tena nusu ya uzuri wake uko hapo, wakati kila kitu kingine bustanini kimenyauka. Mbunifu wa bustani Mholanzi Piet Oudolf amejenga jina lake duniani kwa kuziacha nyasi zimesimama zikiwa zimekufa: ndivyo zilivyo kwenye Lurie Garden ya Chicago, iliyofunguliwa 2004, na kwenye High Line ya New York, bustani iliyo juu ya njia ya reli ya zamani, iliyofunguliwa 2009, ambako mabua hubaki majira yote ya baridi na kukatwa yanapokaribia kuisha.

Basi kata mwishoni mwa usingizi, kabla machipukizi hayajapanda. Ukichelewa wiki mbili tatu, msumeno utazipunguza ncha za majani machanga, na majani ya nyasi hayaoti ncha nyingine. Nilifanya hivyo mwaka mmoja kwa uvivu. Msimu mzima kila jani lilikuwa na mwisho butu wa rangi ya kahawia, bustani nzima kama imepitiwa na mbuzi. Kabla ya kukata, kipige kichaka kwa fimbo ndefu usubiri kidogo, maana ndani ya nyasi kavu hukaa viumbe, na si wote wanaopenda kushtuliwa kwa mkono. Vaa glavu na mikono mirefu. Kingo za majani zina chembe za silika zilizopangwa kama meno ya msumeno; ukiliteleza jani kutoka kitakoni kwenda nchani halikufanyi kitu, ukirudi nyuma linakuchana katikati ya vidole, mahali panapouma siku tatu kila unapookota sabuni. Wapo wanaochoma badala ya kukata. Sikushauri: moto wa nyasi kavu karibu na nyumba hauna breki, na mara nyingi huunguza kitako chenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali penye hatari ya moto wa msituni usiache vichaka vikavu jirani na kuta za nyumba.

Zipo chache zisizokatwa hivyo. Stipa gigantea ya Hispania, Ureno na Moroko hubaki kijani mwaka mzima chini, na mabua yake ya dhahabu hupanda zaidi ya mita mbili. Hiyo unaichana tu kwa vidole vilivyovaa glavu, unaondoa majani yaliyokufa na mabua ya mwaka uliopita. Ukiifyeka yote inaweza isirudi.

Ukitaka kuongeza nyasi nyingine kwenye safu hiyo, ya kwanza kwenye orodha yangu ni Calamagrostis × acutiflora 'Karl Foerster', iliyopewa jina la mwenye kitalu Mjerumani wa Potsdam aliyeishi kutoka 1874 hadi 1970. Ni chotara tasa, haitoi mbegu za kukusumbua, na inasimama kama askari wa gwaride. Mvua ikiilaza asubuhi, jioni imeshasimama. Masuke hufika mita moja na nusu au zaidi kidogo, kichaka ni chembamba, sentimita sitini kati ya kimoja na kingine zinatosha. Chama cha mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka 2001. Kasoro yake ni moja: ni nyasi ya baridi. Kwenye joto la unyevu mwaka mzima hukonda na kupata kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu, usijidanganye kwa picha.

Mahali penye majira ya joto ya kweli, Panicum virgatum ya mbuga za Amerika Kaskazini ni imara zaidi, hasa 'Northwind', yenye majani mapana ya kijani-buluu yanayokwenda juu moja kwa moja, kama mita moja na nusu. Hiyo nayo ilichaguliwa na chama kile kile kuwa mmea wa mwaka 2014. Mizizi yake inaweza kwenda chini mita tatu, ndiyo maana ukame hauitingishi. Na mahali pasipo na baridi ya kugandisha, usiidharau vetiva kwa sababu umezoea kuiona kwenye makingamaji. Ni kichaka kigumu, wima, kisichotambaa, zile zinazopandwa kwa kazi hiyo hazitoi mbegu za kuota, na ikishonwa kwa safu inajenga ukuta wa kijani wa mita moja na nusu. Masuke yake ya zambarau ni ya haiba ya unyenyekevu, lakini kwa kuficha ukuta sijui nyasi inayofanya kazi kwa adabu zaidi.

Unaponunua, soma urefu kwa makini. Karibu kila mara ule ulioandikwa kwenye kibandiko unahesabu masuke, na masuke yapo miezi michache tu. Miezi mingine yote una majani, ambayo huenda yakawa nusu au theluthi mbili ya urefu huo. Nunua mche uliotokana na kupasua, si mbegu. Aina zenye jina hazirithishi sura yake kwa mbegu.

Kuna tatu ambazo utashawishika nazo na ningependa ufikiri mara mbili. Cortaderia selloana, ile ya mashada meupe makubwa kama mkia wa farasi, ni mmea wa nyanda za Amerika Kusini uliogeuka kuwa gugu vamizi California, New Zealand na Afrika Kusini, na New Zealand hairuhusiwi hata kuuzwa. Cenchrus setaceus, nyasi ya chemchemi yenye masuke ya waridi, imesambaa Hawaii na kuwa kuni ya mioto ya nyikani. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2017. Na Arundo donax, tete kubwa linalofika mita sita, lenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Hilo ndilo linalochongwa ndimi za klarineti na saksafoni, na kwa muziki nalipenda. Kwenye kingo za mito ya California limesukuma kila kitu kingine pembeni. Uliza kwanza kama sheria za unapoishi zinaruhusu. Na niwe mkweli hata kuhusu yako: Miscanthus sinensis nayo imetoroka bustanini mashariki mwa Marekani. Kama nyuma ya ukuta wako kuna uwanja wazi au pori, kata masuke yanapoanza kufumuka manyoya, kabla mbegu hazijaruka, uyaweke kwenye chombo chenye maji mezani.

Mabua utakayokata msimu huu yakatekate vipande vya urefu wa kidole utandaze chini ya miti au uchanganye kwenye mboji. Yana nyuzi nyingi na yanaoza polepole, kwa hiyo yachanganye na majani mabichi, na masuke yenye mbegu yasiingie humo.

Pale chini ya mti patakapobaki wazi, usirudishe Miscanthus hata kipande kimoja. Bila angalau nusu siku ya jua italala tu. Kama kivuli si kizito, Deschampsia cespitosa huvumilia, na wingu lake la masuke hufika mita moja na kidogo ikiwa udongo hauko mkavu. Chasmanthium latifolium nayo hukubali kivuli, urefu wa kiunoni, na visuke vyake bapa vinaning'inia kama magamba ya samaki yaliyotungwa kwenye uzi. Hiyo ya pili hujipanda yenyewe kwa wingi, kwa hiyo miche yake ing'oe ikiwa bado ina majani mawili matatu. Ikishapita msimu mmoja utauhitaji ule mtaimbo tena.